Sweetens Cove: mashimo tisa, kibanda kimoja na hesabu za gofu pesa inapokauka

South Pittsburg ni mji mdogo wa watu kama elfu tatu kusini mwa jimbo la Tennessee, Marekani, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka Chattanooga. Wanaoujua, wengi wanaujua kwa vikaango. Kiwanda cha Lodge kinasubu vikaango vya chuma hapo tangu 1896, na kila mwaka mji hufanya tamasha la mkate wa mahindi, ule unaookwa ndani ya vikaango hivyohivyo. Gofu haikuwa sababu ya mtu yeyote kukata kona na kuingia South Pittsburg. Ilikuwepo, lakini ya kawaida kabisa: uwanja wa mashimo tisa uitwao Sequatchie Valley, uliolazwa bondeni kwenye ardhi tambarare inayopata mafuriko, wakicheza wenyeji.

Leo kwenye ardhi hiyohiyo kuna Sweetens Cove. Bado ni mashimo tisa. Umewahi kuingia kwenye orodha ya jarida la Golfweek ya viwanja 100 bora vya kisasa vya Marekani, ukiwa umebanana na vigogo vya mashimo 18 vilivyokula mamilioni ya dola. Nafasi za kucheza hugombewa zinapotangazwa tu. Kati ya wenye hisa wamo Peyton Manning, nyota wa mpira wa Kimarekani, na Andy Roddick, bingwa wa tenisi wa US Open 2003.

Kwa miaka kadhaa sasa, kila linapozuka swali kama viwanja vifupi vya gofu vinaweza kuishi wakati uchumi umelegea, watu hunyosha kidole Sweetens Cove. "Si unaona? Mashimo tisa yanatosha." Mimi nadhani kisa hiki kinasomwa nusu. Ukikifuatilia kwa hesabu zake, utaona kwamba ufupi uliupa uwanja huu nafasi ya kutokufa haraka. Pesa ilitoka kwingine, na aliyebeba gharama kubwa kuliko zote siye aliyevuna.

Gofu iliyokuwa ikiuza nyumba

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Marekani ilijenga viwanja vya gofu kwa kasi ya ajabu, mamia kwa mwaka. Sehemu kubwa ya viwanja hivyo haikujengwa kwa sababu wacheza gofu walikuwa wamekosa pa kucheza. Ilijengwa kwa sababu kiwanja cha nyumba kinachotazama nyasi za gofu kinauzwa bei juu kuliko kinachotazama uzio wa jirani. Mwenye mradi alikuwa tayari gofu yenyewe ile hasara, mradi nyumba zinauzika. Na kwa kuwa kinachouzwa ni sura, sharti kiwe kikubwa: mashimo 18, yadi elfu saba na ushei, jengo la klabu lenye ukumbi wa harusi, njia za lami za vigari kutoka shimo la kwanza hadi la mwisho.

Mwaka 2006, hata kabla ya mtikisiko wenyewe, viwanja vilivyofungwa vilizidi vilivyofunguliwa, na hali hiyo ikaendelea miaka mingi mfululizo. Ulipokuja mporomoko wa 2008, nyumba hazikuuzika, mabenki yakafunga mifereji, na ghafla gofu ikatakiwa ijilishe yenyewe. Nyingi haikuweza. Wachezaji nao walipungua kutoka kama milioni 30 katikati ya muongo ule. Mtu aliyepoteza kazi haanzi kukata chakula cha watoto. Anaanza na uanachama wa klabu.

Hapo ndipo wakubwa wa mchezo walipoanza kusema maneno ambayo miaka kumi nyuma yangeonekana kufuru. Mwaka 2011 chama cha gofu cha Marekani, USGA, kikishirikiana na PGA ya Amerika, chama cha wakufunzi wa gofu, kilizindua kampeni ya kuwaambia watu waanze mbele zaidi, wacheze uwanja uliofupishwa. Jack Nicklaus, mshindi wa mataji makubwa 18, akaandaa mashindano ya mashimo 12 kwenye uwanja wake wa Muirfield Village huko Ohio. Nicklaus alikuwa na wazo hili zamani. Miaka ya 1980 alijenga uwanja wa mashimo tisa kisiwani Grand Cayman, pamoja na mpira maalumu unaokwenda nusu ya mwendo wa mpira wa kawaida, ili ardhi ndogo ya kisiwa itoshe. Mpira ule haukushika. Watu walipenda kuona mpira ukiruka mbali, na hakuna hesabu ya ekari iliyoweza kuwabembeleza.

Mashimo 18 yenyewe, kwa taarifa, hayakushuka kutoka mbinguni. St Andrews, Uskoti, walikuwa wakicheza mashimo 22 hadi 1764, walipounganisha mashimo manne ya mwanzo yakawa mawili, na kwa kuwa walikuwa wakienda na kurudi njia ileile, jumla ikashuka hadi 18. Mashindano ya kwanza ya The Open, mwaka 1860 huko Prestwick, yalichezwa kwenye uwanja wa mashimo 12, mizunguko mitatu kwa siku moja. Kwa hiyo anayesema mashimo 12 si gofu halisi, anawaambia hivyo mababu wa gofu wenyewe.

Waliojenga na waliolipa

Uwanja wa zamani wa Sequatchie Valley ulikuwa mali ya familia ya hukohuko bondeni, yenye biashara ya zege. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, vumbi la mtikisiko likiwa halijatulia, familia hiyo iliamua kuufumua uwanja wake na kuujenga upya. Kazi wakapewa Rob Collins na Tad King, wabia wawili waliokuwa wameanzisha kampuni yao ya usanifu na ambao hawakuwa na jina. King alikuwa fundi wa kusogeza udongo aliyezunguka sana kwenye ujenzi wa viwanja, Collins akiwa na jicho la kuchora. Kipindi hicho wasanifu wakubwa wenyewe walikuwa wakikaa bila simu kulia, seuze wageni.

Pointi ya kwanza ya kisa iko hapa. Mtu mwenye tambarare ya mashimo tisa, tena inayojaa maji, katika mji wa watu elfu tatu, katikati ya ukame wa pesa, kwa hesabu za kibiashara hatakiwi kujenga. Hakuna benki ambayo ingemsikiliza. Familia hii ilikuwa na mitambo, ilikuwa na malighafi, na ilikuwa na ardhi tayari. Na kwa kuwa eneo lilitosha mashimo tisa tu, hakuna aliyeota kufikisha 18.

King na Collins walikuwa na sababu yao ya kujitoa mhanga: hii ndiyo kazi ambayo ingewatambulisha au iwazike. Wakafumua kila kitu. Kwenye uwanda usio na hata kichuguu wakainua vilima, wakachimba mabonde, wakamwaga mchanga ili maji yapite chini badala ya kutuama juu. Grini, zile sehemu za nyasi fupi zenye bendera, wakazifanya kubwa kupita kawaida na zenye mawimbi. Ukubwa huo ulikuwa na kazi. Shimo la nne, kwa mfano, ni la mkwaju mmoja hadi kwenye grini, lakini grini yenyewe ni ndefu na imekunjamana kiasi kwamba bendera ikiwekwa mbele unacheza mkwaju mmoja, ikiwekwa nyuma unacheza mkwaju mwingine kabisa, kwa fimbo nyingine na kwa hofu nyingine. Mchezaji akizunguka mara ya pili, hajisikii amerudia. Kwa uwanja wa mashimo tisa, hilo ndilo roho ya biashara, kwa sababu lawama kuu dhidi ya viwanja vifupi ni kwamba mzunguko wa pili ni marudio ya wa kwanza.

Jumla ni kama yadi 3,300, na mchezaji hodari hutarajiwa kuzimaliza kwa mikwaju 36. Yaani mashimo yenyewe si mafupi, ni machache. Tofauti hiyo tuikumbuke, maana watu huchanganya vitu viwili: uwanja wenye mashimo mafupi ya watoto na wazee, na uwanja wenye mashimo kamili lakini pungufu kwa idadi.

Kazi ikaisha. Ndipo familia iliyolipa bili ikaona haiko tayari kuendesha. Uwanja mpya ukabaki na nyasi zake, bila mchezaji. Nyasi za gofu hazisubiri mtu aamue: usipokata, usipomwagilia, ndani ya msimu mmoja una malisho ya ng'ombe. Collins akaona kazi yake ya kwanza inakwenda kufa kabla haijaonekana, akapiga moyo konde, akatafuta mbia na kuukodi uwanja. Sweetens Cove ukafunguliwa mwaka 2014, ukiendeshwa na msanifu ambaye hakuwahi kupanga kuwa mwenye duka.

Tazama mizania ya siku hiyo ya kwanza. Mwendeshaji hana deni la ujenzi. Hana mkopo wa ardhi. Ana kodi ya kulipa na nyasi za kutunza. Gharama ya kuufumua na kuujenga upya uwanja mzima, ambayo ndiyo iliyoua viwanja vingi vya kizazi kile, ilikuwa imekwisha kumezwa na mtu mwingine. Wahasibu wana maneno yao ya kistaarabu kwa jambo hili. Mtaani tunasema mmoja alikula hasara, mwingine akaanza na sahani safi.

Nusu ya mashimo si nusu ya gharama

Watu wengi wanaopendekeza viwanja vifupi hupiga hesabu rahisi: mashimo nusu, ardhi nusu, maji nusu, gharama nusu. Ardhi, sawa. Uwanja wa mashimo 18 huchukua ekari mia na hamsini hivi, na wa tisa unaweza kuenea kwenye nusu yake. Maji na mbolea pia hushuka karibu kwa uwiano huo.

Vingine havishuki hivyo. Mashine ya kukatia grini ni ileile moja, iwe inakata grini tisa au 18, na bei yake haina punguzo la wenye viwanja vidogo. Msimamizi wa nyasi ni mmoja, na anataka mshahara wa msimamizi. Pampu ya maji ni moja. Bima ni moja. Mtu wa kupokea pesa getini anakaa siku nzima, waje wachezaji kumi au mia. Kwa hiyo uwanja wa mashimo tisa unaobeba kila kitu kinachobebwa na uwanja mkubwa hufika kwenye hasara mapema kuliko mkubwa, maana mapato yake ndiyo yanayokatwa nusu kwa uhakika. Mteja akiona tisa, kichwani anaweka nusu bei. Na kwenye miji mingi midogo ya Marekani uwanja wa mashimo tisa ndio uwanja wa bei ya kutupa, wa vijana wanaojifunza na wastaafu.

Sweetens Cove walifanya nini? Hawakubeba. Hakukuwa na jengo la klabu. Kulikuwa na kibanda kidogo cha mbao na choo cha plastiki cha kukodi, vile vinavyowekwa kwenye maeneo ya ujenzi. Hakukuwa na mgahawa, bwawa wala ukumbi wa harusi. Wafanyakazi walihesabika kwa vidole, na Collins mwenyewe alishika kila kazi iliyokuwa mbele yake. Kama hukutaka kuona choo cha plastiki, hukuwa mteja wao.

Mwanzoni wengi hawakuwa wateja wao. Miaka ile ya kwanza ilikuwa ya kufa na kupona, na palikuwa na siku ambazo wachezaji hawakutosha kulipia mafuta ya mashine. Wenyeji waliozoea uwanja wa bapa walikuta vilima na mashimo ya mchanga yanayomeza mpira, na si wote waliofurahi. Nasisitiza hili kwa sababu masimulizi ya baadaye hulipaka rangi: ufupi, ubora na gharama ndogo, vyote vitatu vilikuwepo tangu siku ya kwanza, na bado uwanja ulikaribia kufunga virago. Vilinunua muda tu. Uwanja wa mashimo 18 wenye klabu na deni ungekufa msimu wa pili. Huu ulikuwa mwepesi kiasi cha kuweza kuelea ukingoni kwa miaka mitatu minne hadi bahati ipite.

Bahati ilipita kwa njia ya simu za mkononi. Vijana wanaopenda usanifu wa viwanja, wenye podikasti na akaunti za Twitter, walianza kufika, kupiga picha za grini zile na kuhadithia. Magazeti makubwa yakafuata. Choo cha plastiki na kibanda, vilivyokuwa dalili ya umaskini, vikageuka kuwa alama. Mtu akitoka Chicago akaendesha gari siku nzima, akataka akute kibanda kama alivyokiona. Ikazuka desturi ya kupiga funda la wiski kabla ya mkwaju wa kwanza na kuacha chupa kwa watakaofuata. Mwaka 2019 kundi la wawekezaji, akina Manning na Roddick na mtangazaji Jim Nantz, likaingia. Mwaka 2020 wakatoa wiski yenye jina la uwanja kwa dola 200 chupa. Kibanda cha mbao kikazaa chupa ya dola 200. Sijui kama kuna somo la masoko linaloweza kufundisha hilo kwa makusudi.

Tiketi ya siku

Kama ningetakiwa kuchagua jambo moja la kunakili kutoka kisa hiki, ningeacha grini, ningeacha wiski, nikachukua namna walivyouza.

Uwanja wa kawaida huuza muda wa kuanza. Kundi la watu wanne kila dakika kumi, watu 24 kwa saa. Kwenye mashimo 18 mfumo huu unakwenda vizuri, kwa kuwa wakimaliza la tisa wanaendelea la kumi na hawamsumbui mtu. Kwenye mashimo tisa unakwama. Saa mbili baada ya kufungua, kundi la kwanza linarudi pale lilipoanzia na linataka kuzunguka tena, na hapohapo wamesimama wanne wapya wenye nafasi yao iliyolipiwa. Nani apishe? Ukimpa aliyerudi, umemkosea aliyelipa. Ukimpa mpya, aliyerudi anakaa nusu saa kwenye benchi na anaondoka na manung'uniko. Viwanja vingi vya mashimo tisa hutatua kwa kubakisha nafasi tupu katikati ya siku, yaani kwa kutupa pesa.

Sweetens Cove walikwenda kwenye tiketi ya siku nzima kwa idadi ya watu iliyowekewa kikomo. Unalipa mara moja, unacheza mpaka miguu ikatae. Huuziwi mashimo tisa, kwa hiyo huna cha kugawa kwa mbili kichwani. Kwa kuwa watu ni wachache, foleni pale mwanzo hujipanga yenyewe. Wanaochoka hukaa kibandani, wengine huchanganyika na makundi mapya. Na bei ya tiketi ile inaweza kupanda hadi kufikia ya uwanja mzuri wa mashimo 18 bila mteja kuhisi ameibiwa. Kwa mwendeshaji kuna faida nyingine: kichwa kimoja kinacholipa vizuri hakichakazi nyasi kama vichwa vitatu vinavyolipa kidogo.

Mfumo huu unahitaji sharti moja gumu, nalo ni kwamba uwanja uwe unastahili kuchezwa mara tatu kwa siku moja. Hapo ndipo zile grini kubwa zinaporudisha gharama zake.

Ndugu zake

Sweetens Cove haikuwa peke yake. Mwendo usio mrefu kwa gari kupanda mlimani kutoka hapo, uwanja wa mashimo tisa wa chuo cha Sewanee ulifumuliwa na Gil Hanse na kufunguliwa upya 2013. Huko Oregon, hoteli ya Bandon Dunes ilifungua uwanja wa mashimo 13 mafupi mwaka 2012. Pinehurst, North Carolina, ikafungua The Cradle mwaka 2017, mashimo tisa ambayo yote kwa pamoja yana yadi 789. Hivi viwili vya mwisho hutajwa sana kama ushahidi kwamba enzi ya viwanja vifupi imefika. Ni vizuri, lakini havithibitishi chochote kuhusu uchumi dhaifu. Mgeni wa Pinehurst amekwisha kulipia chumba na uwanja mkubwa. The Cradle humfanya abaki jioni, anunue kinywaji, arudi mwakani na mtoto. Ni mgahawa wa hoteli. Huwezi kuutumia kupima kama mama lishe wa barabarani atafaidika.

Kipimo cha haki zaidi ni Winter Park, Florida, jirani na Orlando. Uwanja wa mashimo tisa ulioanza 1914, mali ya halmashauri ya mji, umezungukwa na mitaa na makanisa kiasi kwamba unavuka barabara kutoka shimo hadi shimo. Mwaka 2016 mji ulitumia kama dola milioni 1.2 na kuwapa kazi Riley Johns na Keith Rhebb, wasanifu wachanga kama walivyokuwa King na Collins. Matokeo yake ni uwanja mfupi hasa, usiofika yadi 2,600, ambao mtu anatoka kazini, anatembea hadi pale akiwa na fimbo begani, anamaliza kabla giza halijaingia. Hakuna gwiji wa michezo mwenye hisa. Mteja wake ni jirani.

Na hili ndilo linalonikera kidogo na kisa cha Sweetens Cove kinavyoshangiliwa. Uwanja unaouza nafasi zake zote kwa watu wa mbali, kwa bei ya safari, umeokoka. Lakini mstaafu wa South Pittsburg aliyekuwa akicheza Sequatchie Valley kwa bei ya chakula cha mchana, yeye kapata nini? Mji umepata wageni wanaolala na kula, sawa, hilo si dogo kwa mahali palipotegemea vikaango. Ila tukisema uwanja mfupi ni gofu ya wenye kipato kidogo, basi tusiuite huu kuwa mfano.

Huku kwetu

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kushangaa makelele yote haya, kwa sababu mashimo tisa hapa ni jambo la kila siku. Arusha Gymkhana ni tisa. Moshi ni tisa. Morogoro ni tisa. Nandi Bears, kati ya mashamba ya chai ya Nandi Hills, ni tisa, na Mombasa Golf Club juu ya miamba karibu na kivuko cha Likoni ni tisa. Watu huzunguka mara mbili, sehemu za kuanzia zikisogezwa kidogo, wanaandika kadi ya 18 na maisha yanaendelea. Viwanja hivi vilianzishwa na wakoloni wachache waliokuwa mbali na miji, havikuwa na watu wa kujaza 18.

Kisha ikaja kwetu ile biashara ya Marekani ya gofu inayouza nyumba: Vipingo Ridge huko Kilifi, Thika Greens, Kili Golf pale Usa River. Mashimo 18 kila mmoja, na viwanja vya nyumba pembeni. Sina ugomvi navyo, na vingine vimetengenezwa vizuri mno. Ila kwa klabu ya mji inayohangaika kulipa bili ya maji, Sweetens Cove ina maneno machache ya vitendo: jengo la klabu ndilo linalokula pesa, nyasi ndizo zinazoleta watu; na ada ya kutwa, yenye kikomo cha watu, inaweza kuingiza zaidi ya ada ya mashimo tisa, ilimradi bendera zihamishwe na grini ziwe na nafasi ya kuzihamishia. Nyongeza ambayo Tennessee hawanayo ni makedi, wabeba fimbo za wachezaji. Siku nzima ya kuzunguka ni siku nzima ya kazi kwa kedi, badala ya saa mbili na nauli ya kurudi.

Kilichobaki kupimwa

Baada ya 2020 gofu ilifufuka. Watu walikuwa wamefungiwa ndani, huu ulikuwa mmoja wa michezo michache iliyoruhusu kukaa mbalimbali, na viwanja vya Marekani vikajaa. King na Collins nao wakapata kazi. Wakajenga uwanja wa mashimo tisa Inness huko New York, kisha Landmand, Nebraska, uliofunguliwa 2022 juu ya vilima vikubwa vya mashamba. Landmand una mashimo 18, na ni mpana kuliko karibu kila kitu kilichojengwa kizazi hiki. Pesa iliporudi tu, vijana wa mashimo tisa wakapewa 18 na hawakukataa. Simlaumu mtu. Lakini inaonyesha kwamba wateja wa wasanifu waliuchukulia ufupi kama nguo ya msimu wa shida.

Kwa hiyo Sweetens Cove iliponea chupuchupu kwenye mkia wa mdororo mmoja, ikanenepa kwenye miaka ya neema, na tangu igeuke mahali pa kusafiria haijakutana na mdororo mwingine wa kweli. Ikija miaka kama 2009, safari ya siku nzima kwenda Tennessee kucheza gofu ni moja ya vitu vya kwanza kufutwa kwenye bajeti ya familia. Gharama ndogo bado wanazo, na hiyo ni kinga. Ila wateja wao wanatoka mbali, na kibanda sasa kina wenye hisa wanaosubiri gawio. Winter Park haina chupa ya dola 200, ina watu wanaokuja kwa miguu na mji ambao umekwisha lipa. Ningekuwa mwenye pesa za kuweka kwenye mashimo tisa kwa miaka ishirini ijayo, ningeziweka huko.